Nani Alimwita Mbwa Wetu Mshenzi?

Kila mtoto aliyekulia Kisumu anajua hii hila. Unatembea Manyatta, ama Nyalenda, ama kando ya ufuo wa Dunga, mbwa anaanza kukubwekea. Unainama tu, kama mtu anayeokota jiwe. Jiwe lenyewe halipo, lakini mbwa keshakunja mkia na kutoweka. Alafu unapanda hadi Milimani na kila geti la pili limeandikwa "Mbwa Kali".

Hao ndio mbwa wawili tunaowajua: mwoga wa mtaani na mkali wa geti. Ukiuliza, utaambiwa ndivyo walivyozaliwa. Mimi nasema walifunzwa. Woga huo na ukali huo vina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ina tarehe.

Tuanze na jina. Kwa Dholuo mbwa ni guok. Waacholi wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, wanasema gwok. Washiluki wa pande za Malakal, Sudan Kusini, nao wanasema gwok. Watu waliotengana karne nyingi hawabaki na neno moja hivi kwa bahati. Inaonyesha kwamba wazee walipoteremka kutoka pande za Mto Naili hadi wakafika ziwani, guok alikuwa kwenye msafara pamoja na ng'ombe.

Na alikuwa na kazi. Alibweka fisi akisogea karibu na boma, alifukuza nyani shambani, alifuata sungura wakati wa msako. Hakukuwa na mwalimu wa mbwa. Mtoto wa mbwa aliwafuata mbwa wakubwa, na mbwa wakubwa waliwafuata wavulana wa kuchunga. Alijifunza kwa kuona, kwa mluzi, na kwa mfupa baada ya kazi.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, na mahali pakaitwa Port Florence. Utawala wa Mwingereza ulikuja na kanuni za wanyamapori. Mzungu mwenye leseni na bunduki akawa mwindaji. Mwafrika mwenye mkuki na mbwa, porini palepale alipowinda babu yake, akawa jangili. Mbwa wake akawa ushahidi.

Hii sheria haikuzaliwa Afrika. Kule Uingereza, Hati ya Misitu ya 1217 inataja kabisa kwamba mbwa wa mtu aliyeishi kwenye msitu wa mfalme akatwe kucha tatu za mguu wa mbele, asije akakimbiza paa wa mfalme. Watu wa chini wakatafuta njia yao. Walichanganya mbwa wa mbio, kama greyhound, na mbwa wa kazi, mara nyingi collie, yule wa kuchunga kondoo. Aliyezaliwa wakamwita lurcher. Mbio za upande mmoja, akili za upande mwingine. Akajulikana kama mbwa wa jangili, hivohivo kama mbwa wetu.

Lakini damu ya collie huleta kitu kingine: moyo mwepesi. Collie amechaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kusoma mkono na sauti ya mchungaji kutoka mbali. Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893 kwa Adam Telfer, ndiye babu wa karibu kila border collie wa leo. Alifanya kazi kimya, akiwaongoza kondoo kwa macho tu. Alikufa 1901, mwaka uleule reli ilipotufikia. Mbwa anayesikia namna hiyo ukimfokea haelewi kwamba umekosa subira. Anaelewa kwamba mahali hapa, na mtu huyu, ni hatari. Wafugaji wa lurcher mwenye damu ya collie wanalijua hili: ukimpiga leo kwa kuchelewa kuja, kesho haji kabisa.

Sasa rudi kwetu. Walowezi wa Kenya walikuwa na jina la mbwa wa kienyeji: mbwa shenzi. Mbwa wao alikuwa na cheti cha ukoo, wetu alikuwa shenzi, kama vile sisi wenyewe tulivyoitwa washenzi. Hapa historia inacheka kidogo. Waingereza walichukua mbwa wa kuwinda kutoka Kongo, na mwaka 1937 wakamwonyesha Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa London. Watu walijipanga kumwona. Aliitwa Basenji. Lisome hilo jina polepole. Ni neno lilelile, washenzi, kwa lugha za Kongo. Mwaka 1959 mfugaji Veronica Tudor-Williams alifunga safari hadi Sudan ya kusini kutafuta damu zaidi ya mbwa hao. Kwa hivyo mbwa wa kijiji cha Afrika akifika London ana cheti na bei. Akibaki Kondele, ni mbwa koko.

Alafu kukaja kichaa cha mbwa. Kenya ilikithibitisha mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja pembeni mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kufa nacho nchini alikuwa mwanamke wa eneo la Ziwa Victoria, mwaka 1928. Kwa hiyo huu ugonjwa ni hadithi ya ziwa tangu zamani. Hofu ilikuwa ya haki, kwa sababu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Lakini jibu la serikali kwa miongo mingi lilikuwa kamba, risasi na sumu. Mbwa anayezurura auawe. Jibu la mtaani likawa jiwe.

Mbwa kali naye ana ukoo wake. Mwaka 1910 Konrad Most, afisa wa polisi Ujerumani, alitoa kitabu cha kufunza mbwa kilichosambaa kwa polisi na majeshi. Msingi wake ulikuwa kulazimisha: kamba, kiboko, utiifu. Kenya iliwaona mbwa wa askari vizuri wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, wakinusa nyayo za Mau Mau. Picha ikabaki: mbwa wa maana ni yule anayeogopwa. Uhuru ukaja, mageti yakaongezeka, picha ikahamia kwenye geti. Siku hizi anafungiwa kibandani mchana kutwa, anafunguliwa usiku, na tunashangaa kwa nini hajui watu.

Sayansi imeshafika mahali wafugaji wa lurcher walifika kwa uzoefu. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo ya mbwa 92 kutoka shule tofauti za mafunzo. Waliofunzwa kwa kukaripiwa na kuvutwa shingo walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya kotisoli ikapanda kwenye mate yao baada ya somo. Hata nje ya mafunzo, wakiwekewa bakuli mahali pasipoeleweka vizuri, walilikaribia polepole zaidi. Walishazoea kutarajia mabaya.

Kufunza vingine hakuhitaji pesa. Chukua omena chache. Kaa chini, geuka upande, usimkodolee macho. Mbwa akisogea hatua moja, mrushie moja. Mwite jina lake kwa sauti ya chini, kila mara sauti ileile, na akija mpe. Usimwite ili umpige, hata siku moja. Dakika 5 zinatosha, kisha mwache. Baadaye gusa shingo, mpe omena. Shika mguu, mpe omena. Zoea naye kamba kabla haijahitajika.

Hiyo ya kamba ndiyo muhimu kuliko zote. Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Kisumu na Siaya ziko kati ya kaunti zilizochaguliwa kuanza. Makadirio ya serikali ni kama Wakenya 2,000 wanaokufa kila mwaka, na ulimwenguni karibu nusu ya vifo hivi ni vya watoto. Ugonjwa unakatika ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na uirudie kila mwaka. Kuua mbwa ovyo hakujawahi kuukata. (Ukiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, alafu nenda hospitali siku hiyohiyo.)

Lakini daktari wa mifugo hawezi kuchanja mbwa asiyeshikika. Siku ya chanjo mwenye mbwa anakuja mikono mitupu: "Amekataa kushikwa, daktari." Mwoga amekimbilia kwenye matete, mkali hakuna anayethubutu kumkaribia. Wote wawili wanabaki bila kinga, na watoto wa ploti ileile wanabaki nao.

Kwa hivyo kama kwenu kuna Simba, Bosco ama Tommy, usingoje gari la chanjo lifike. Anza leo jioni, na omena kwenye kiganja.