Tao la nusura: chuma kilichokosa jina

Chuma chenyewe nilikikuta nyuma ya banda la kuku, kwenye shamba la parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe. Bomba nene lililokunjwa kama mlango usio na kizingiti, rangi ileile ya chungwa ya trekta lilikotoka, na kuku wawili wametua juu yake wakijichokonoa manyoya. Mwenye shamba, mwalimu mstaafu, aliniita nimtazamie trekta dogo alilonunua la kufyekea nyasi kati ya mistari ya miti na kusafishia kipande cha mlimani alichotaka kukipanda msimu unaofuata. Nikamuuliza chuma kile kilitolewa kwa nini.

"Kipi, mwanangu? Kile cha turubai?" akasema. "Kijana alikifungua. Kilikuwa kinanivunjia matawi."

Sikumlaumu. Nilianza kulilaumu kabati langu la vitabu, ambamo chuma kile hakina jina.

Vitu vingine vya trekta vilifika na majina yao, au vilipata majina njiani. Trekta lenyewe, plau, haro, tela, klachi, gia: yote hayo ni maneno yaliyosuguliwa na ndimi za madereva na mafundi mpaka yakakaa kwenye sarufi yetu kama wenyeji. Hakuna kamati iliyokaa kuamua kwamba tinga la kusukuma udongo liitwe katapila. Liliitwa hivyo kwa jina la kampuni, basi, na hata watengenezaji wengine wakileta la kwao ni katapila tu. Lakini chuma hiki cha nyuma ya kiti kilikuja kimefungwa kwa bolti, hakisemi lolote. Hakikati, hakivuti, hakizunguki. Kitabu cha maelekezo kinakitaja kwa herufi nne, ROPS, na herufi hizo hazimwambii dereva kitu. Kwa hiyo kila mtu akakipa jina la kazi aliyokiona kikiifanya: cha turubai, cha kushikilia, cha kufungia dumu la dizeli. Na jina likishakuwa "cha turubai", asiyetaka turubai anatafuta spana.

Kirefu cha herufi hizo kwa Kiingereza ni rollover protective structure, yaani muundo wa kumlinda mtu pale mashine inapobingirika. Ni jina la kiofisi, zito, lakini halidanganyi. Kazi ya mfasiri ni kulileta bila kulitia uongo, na hapo ndipo mtego ulipo.

Tuanze na kubingirika kwenyewe, kwa sababu Kiswahili hapa kina utajiri ambao hatuutumii. Dereva wa malori hasemi tu kwamba gari limepinduka. Limelala, kama limeanguka ubavu likatulia. Limepiga mweleka, kama limekwenda matairi juu. Limebingirika, kama limezidi hapo na kuendelea bondeni. Na liko la nne linaloyahusu sana matrekta: kubinuka. Hili ni pale magurudumu ya mbele yanaponyanyuka na mashine nzima kujigeuza kinyumenyume, ikimlalia aliyeiendesha. Hutokea sana kwenye kazi ileile aliyoitaka mwalimu, kusafisha pori. Mtu anafunga mnyororo kwenye kisiki, upande wa pili anaufunga juu ya ekseli badala ya chini kabisa kwenye sehemu ya kuvutia, anatia gia, kisiki kinagoma. Magurudumu ya nyuma yakishindwa kuzunguka, kinachozunguka ni trekta. Tangu mbele inyanyuke mpaka kufika mahali ambapo hakuna breki wala klachi ya kuirudisha ni kama robo tatu ya sekunde. Kabla hujamaliza kutamka "mama".

Kulala ubavu kuna hesabu nyingine. Ekseli ya mbele ya trekta haikufungwa imara kama ya gari dogo. Imening'inizwa kwa pini moja katikati ili magurudumu yafuate mashimo na vichuguu. Kwa hiyo trekta, ingawa lina magurudumu manne, husimama kama chungu juu ya mafiga matatu: gurudumu la nyuma kushoto, la nyuma kulia, na ile pini. Dondosha kamba ya timazi kutoka kitovu cha uzito wake. Ikiangukia ndani ya mafiga, chungu kimekaa. Ikitoka nje, kinamwagika. (Kitovu cha uzito, kwa njia, ni istilahi iliyofanikiwa: kila mtu ana kitovu na anajua kiko wapi.) Trekta dogo lina mafiga ya karibukaribu kwa sababu ni jembamba, na tumbo lake limeinuliwa lisikwaruzwe na visiki. Lifunge sepetu ya mbele, uijaze udongo, uinyanyue juu ukiwa unakata mlima kwa ubavu, na umekwisha kuusogeza mwenyewe ule uzi wa timazi.

Sasa turudi kwenye jina. Mtunga istilahi wa Kiswahili akipewa kifaa kipya mkono wake huenda wenyewe kwenye ki-: kipimajoto, kinasasauti, kidhibitimwendo. Ni kiwanda kizuri na kimetuzalia mengi. Kwa chuma hiki kingetoa kitu kama kizuiapinduko, au kwa maneno marefu zaidi, fremu ya kuzuia kupinduka. Linapendeza, linatamkika, na ni la hatari. Chuma hiki hakizuii trekta kupinduka. Si sisi tu tungekosea hivyo: Kihispania cha kila siku husema arco antivuelco, tao la kupinga kupinduka, na kijana anayelisikia hivyo ana haki ya kuamini kwamba akiwa nalo anaweza kupanda popote. Wajerumani wana Überrollbügel, upinde wa kubingirika, ambalo halitoi ahadi yoyote. Wafaransa huridhika na arceau de sécurité, tao la usalama, na Wajapani hufanana nao, wakisema fremu ya usalama.

Tungeweza kufuata njia hiyo ya tatu. Lakini neno usalama kwetu limechakaa. Tuna mkanda wa usalama, kofia ya usalama, kamati ya ulinzi na usalama. Halimwambii mtu usalama wa nini, dhidi ya nini, lini.

Kinachofanywa na chuma hiki ni hiki. Mashine ikishapinduka, chenyewe kinagonga ardhi kwanza na kubeba uzito, ili kati ya kiti na ardhi ibaki nafasi inayomtosha mtu. Mara nyingi pia hulisimamisha trekta likiwa limelala ubavu lisiendelee kubingirika, na hapo tu ndipo neno kuzuia lingekuwa na tone la ukweli. Hakikutengenezwa kiwe kigumu kama nguzo ya daraja. Kimetengenezwa kipinde kiasi, kimeze pigo, halafu kisipinde tena. Kwenye vituo vya majaribio hukisukuma kutoka nyuma, kutoka ubavuni, kisha hukikandamiza kwa juu, na hukipitisha tu kama hakikuingia kwenye ile nafasi ya mtu. Ndiyo maana hakitobolewi kwa drili kupachika taa, hakiungwi kwa welding kikichanika, na kikishapinduka na trekta mara moja kinabadilishwa. Ndiyo maana pia bomba la maji lililokunjwa na fundi wa mageti, hata likipakwa rangi ya chungwa, ni pambo.

Na hakifanyi kazi peke yake. Bila mkanda, dereva anarushwa kutoka kwenye ile nafasi na kusagwa na trekta, pengine na chuma chenyewe. Trekta nyingi ndogo zina cha kukunja katikati ili zipite chini ya paa au chini ya miti, na hapo kanuni inageuka: kikiwa juu, funga mkanda, kikiwa kimekunjwa, usiufunge, maana utakuwa umejifunga chini ya mzigo usio na kizuizi.

Jina ninalolitaka, basi, linapaswa kusema mambo mawili: umbo, ili mtu akioneshwa alitambue, na wakati wa kazi yake, yaani baada ya mambo kuharibika. Umbo ni rahisi: ni tao. Kwa lile la pili nimekaa na neno nusura. Limetoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya msaada, na kunusuru kwetu ni kumtoa mtu ndani ya balaa ambalo limekwisha kumfika. Hakuna anayemnusuru mtu aliyekaa barazani kwake anakunywa kahawa. Halafu Kiswahili kikafanya ujanja wake, kikalifanya neno hilohilo liwe pia la "karibu": nusura afe, nusura nianguke, almanusura. Aliyenusurika na aliyekuwa nusura afe ni mtu mmoja, dakika ileile. Sijui lugha nyingine ambayo ingekipa chuma hiki jina linalobeba balaa na wokovu kwa pamoja bila kuongeza herufi. Tao la nusura.

Nimepingwa tayari. Rafiki yangu mhariri anasema ni la kishairi mno kwa kitabu cha spea, na kwamba mafundi wataishia kusema "tao" tu. Waseme. Katapila nalo halikuanza na heshima.

Chuma hiki kuchelewa kupata jina kuna sababu za kweli. Sweden iliamuru matrekta mapya yauzwe na chuma hiki tangu 1959. Marekani ilifika huko polepole: sheria ya 1976 iliwahusu waajiriwa, na iliziacha nje mashine zenye nguvu ya farasi 20 au chini. Ni mwaka 1985 ndipo watengenezaji walipokubaliana wenyewe kukiweka kwenye karibu kila trekta jipya lililozidi farasi hao. Trekta dogo lilikuwa ukingoni mwa hesabu hizo zote. Na mengi ya yale ya Kijapani yaliyotumika yanayozunguka duniani yalitengenezwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga, ardhi iliyosawazishwa kama meza. Yako yaliyotoka kiwandani bila tao, kwa watu ambao hawakuwa na mlima.

Mwalimu, kama wanunuzi wote, alianza na hospawa. La kwake lina 25, zinatosha kuzungusha fyekeo la mashine la mita 1.2. Mimi niliuliza mengine: rimu za nyuma zinaweza kugeuzwa ili magurudumu yatanuke? Zinaweza. Matairi ya nyuma yana maji? Hayana, yajazwe robo tatu. Linavuta kwa magurudumu yote manne? Ndiyo, na hilo si la matope tu, kwa sababu kwenye mteremko likivuta kwa nyuma pekee, breki nazo ni za nyuma pekee.

Kisha tukaenda mlimani na ubao wa mita moja, pimamaji na futi ya fundi nguo aliyoitoa kabatini kwake. Ncha ya juu ya ubao unaiweka chini kwenye mteremko, ya chini unaiinua mpaka povu likae katikati, halafu unapima pengo lililobaki chini yake. Sentimita 27 ni digrii 15, na vitabu vingi vya mashine za kufyekea havitaki uzidi hapo. Kati ya miti tulipata 19, tukapata 22. Kwenye kipande kipya, karibu na mpaka wa juu, futi ilisoma 34.

"Pale juu ni fyekeo la mkono, Mwalimu," nikasema. "Huku chini ni trekta, kwa kupanda na kushuka, si kwa kukata ubavu. Na kile chuma kirudi."

"Matawi je?"

"Matawi ya chini yapogolewe. Mti utachipua."

Tukarudi bandani. Kijana alikuwa ameshika tao upande mmoja, analigeuza kama anayeliona kwa mara ya kwanza. Nikamwambia linaitwa tao la nusura.

"Nusura nini?" akauliza.

"Nusura ufe."

Akacheka, akafukuza kuku, akaanza kuzitafuta bolti kwenye kopo la misumari. Alipata tatu. Ya nne ilikuwa imefungwa kwenye mlango wa banda.