Kalulu, Sungura na Yule wa Senema

Mara nyingi tumewasikia walimu wenzetu wakisema, kwa fahari kubwa kuliko ushahidi, kwamba Bugs Bunny wa senema za Kimarekani ni Sungura wetu aliyevuka bahari. Watoto wa hapa Nchelenge nao humtambua upesi kuwa ni Kalulu, ambalo ndilo jina la sungura kwa Kibemba, wala hawaulizi zaidi. Kauli hiyo yafaa kupimwa, kwani imo kweli ndani yake, ila si ile itajwayo.

Tuanze na filamu yenyewe. Tarehe 27 Julai 1940 kampuni ya Warner Bros. ilitoa A Wild Hare, filamu fupi ya katuni ya dakika kama nane, iliyoongozwa na Tex Avery. Filamu za namna hiyo zilionyeshwa katika majumba ya senema pamoja na filamu ndefu. Mwindaji Elmer Fudd anakuja na bunduki, ananyata, anaweka karoti mlangoni pa shimo. Sungura anatokea kwenye tundu jingine, anamgonga kichwani, na huku akitafuna karoti anamwuliza kwa upole kuna nini. Mwindaji anajibu kuwa anawinda sungura. Na sungura ni kitu gani? Basi yule mwenye bunduki anaanza kumweleza sungura jinsi sungura alivyo!

Miaka miwili kabla, mwaka 1938, studio hiyo hiyo ilikuwa imetoa Porky's Hare Hunt, yenye sungura aliyecheka ovyo na kurukaruka kama mwenye wazimu. Avery alimtuliza, akampa salamu ambayo mwenyewe alisema aliizoea tangu siku za shule huko Dallas, Texas. Salamu hiyo, kwa sauti ya Mel Blanc, ndiyo iliyomfanya mnyama huyu ajulikane duniani.

Sasa tuje kwenye nasaba. Joel Chandler Harris alikuwa kijana, katika miaka ya 1860, alipozisikia hadithi za Brer Rabbit kwa Waafrika waliokuwa watumwa katika shamba la Turnwold, Georgia. Alizitoa kitabuni mwaka 1880, akazitia kinywani mwa mzee wa kubuni, Uncle Remus, na sifa ikawa yake yeye aliyeandika. Kwamba nyingi za hadithi hizo zina asili ya Afrika, wataalamu wengi wanakubali. Lakini ufuko wa Mweru usijitwalie sifa kwa haraka. Misafara ya Waswahili iliyofika kwa Kazembe, ambako Livingstone alimkuta Muhammad bin Salih mwaka 1867, ilielekea Bahari ya Hindi. Njia ya magharibi ilikuwapo pia: Pedro João Baptista na Amaro José waliipita wakitoka Angola mwanzoni mwa karne ya 19. Hata hivyo njia peke yake haithibitishi hadithi. Tena Avery alikuwa na sungura wa kuiga karibu naye zaidi, yaani Max Hare wa Walt Disney, katika The Tortoise and the Hare ya mwaka 1935.

Tuiache damu basi, tuitazame lugha. Mwaka 1901 George W. Bateman alichapisha kitabu cha ngano za Unguja huko Chicago. Katika ngano moja Simba amejificha nyumbani mwa Sungura. Sungura anashuku, anasimama mbali, anaiamkia nyumba. Kimya. Anashangaa kwa sauti: kila siku nyumba humwitikia, leo ina nini? Simba anaitikia. Sungura, aliyekwisha kupata alichokitaka, anatimua mbio.

Hapo ndipo wanapofanana: silaha yao ni maamkizi. Kwetu salamu ni deni, na huku ufukoni mtu mzima hapiti wenzake bila kusema “mwapoleni mukwai”, nao hawakosi kumwitikia. Sungura analidai deni hilo kwa mwenye nguvu. Tofauti yao ni kwamba Sungura wa Unguja anasalimu huku roho i mkononi, ilhali yule wa Hollywood anasalimu kwa starehe, anajifanya amekufa, anamliza mwindaji, kisha anajiendea zake akiifanya karoti filimbi. Twaona kuna kitu kimepotea njiani hapo, ingawa kicheko hakikupungua.

Limebaki suala la kufasiri, ambalo twalipenda sana darasani. “Kuna nini, Daktari?” haifai, kwani Avery hakumkusudia tabibu, neno lile lilikuwa kama “bwana” au “mzee” tumwitavyo tusiyemjua. “Kulikoni, bwana?” ina wasiwasi ndani yake, na Bugs Bunny hana wasiwasi. “Vipi, mzee?” imekaribia, na vijana wataichagua. Sisi tungechagua “Hujambo, bwana?”, maana aulizwaye hivyo hana budi kujibu, hata akiwa ameshika bunduki.