Msanifu wa michoro wa kujitegemea: bei, mkataba na kodi katika mji mdogo

Mji mdogo wa Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, unafahamika zaidi kwa hospitali yake ya Kilutheri, iliyoanza mwaka 1955 chini ya wamisionari kutoka Norway na ambayo sasa iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kuizunguka hospitali hiyo umekua mji wenye chuo cha sayansi za afya, maduka ya dawa, nyumba za wageni, shule, makanisa na wafanyabiashara wa nafaka na mifugo. Wote hao huhitaji bango, nembo, kalenda, fulana au kadi. Anayewatengenezea vitu hivyo ni msanifu wa michoro, ambaye mitaani huitwa mtu wa grafiki.

Msanifu wa kujitegemea ni yule asiyelipwa mshahara na kampuni yoyote. Hutafuta kazi mwenyewe, hukubaliana bei mwenyewe, na mteja akigoma kulipa hana ofisi ya uhasibu ya kumfuatia deni lake. Ndiyo maana wengi waliojifunza kuchora kwa ustadi hushindwa katika fani hii ndani ya muda mfupi. Aghalabu kinachowaangusha ni hesabu, wakati mkono wao wa kuchora hauna kasoro.

Kosa la kwanza huwa ni bei. Katika miji midogo bei hupangwa kwa kuangalia steshenari ya jirani: kama kule kadi inatengenezwa kwa shilingi 10,000, basi na huku iwe 8,000. Utaratibu huo husahau gharama zisizoonekana. Tuchukulie kwamba msanifu amenunua kompyuta kwa shilingi 1,800,000 na anatarajia imtumikie miaka mitatu. Kompyuta hiyo inakula shilingi 50,000 kila mwezi, hata kama hakuna aliyezitoa mfukoni. Ongeza 50,000 za intaneti, 70,000 za pango na umeme, na 30,000 za nauli na simu. Jumla ni 200,000. Akihitaji 400,000 za kuishi na familia yake, lazima apate 600,000 kwa mwezi.

Sasa swali ni siku ngapi za mwezi zinaleta fedha. Msanifu anaweza kuwa kazini siku 24, lakini karibu nusu yake hupotea katika kuzungumza na wateja, kufuatilia madeni, kusubiri picha zisizoletwa na kurekebisha kilichokwisha kukubaliwa. Zikibaki siku 12 za kazi inayolipwa, kila siku moja haina budi kuingiza shilingi 50,000. Nembo inayochukua siku tatu itakuwa 150,000. Anayeifanya kwa 40,000 anakula mtaji, na atalitambua hilo siku kompyuta itakapozima moja kwa moja.

Bei hiyo haitapokewa kwa furaha na kila mteja wa Haydom, na wala si lazima ipokewe na wote. Mwenye genge hahitaji nembo ya siku tatu. Anahitaji bango linalosomeka kutoka barabarani, na hilo huweza kumalizwa kwa saa mbili. Busara ya biashara ni kumuuzia kila mmoja kazi inayolingana na haja yake badala ya kufanya kazi kubwa kwa bei ya kazi ndogo. Taasisi kwa upande wake hununua mfululizo wa kazi kwa mwaka mzima: ripoti, vipeperushi vya elimu ya afya, vyeti na mabango ya mikutano. Mteja mmoja wa namna hiyo huweza kubeba pango la mwaka, ingawa hulipa kwa kuchelewa.

Msimu nao una uzito wake. Katika wilaya za wakulima na wafugaji fedha huonekana baada ya mavuno, na harusi hufuata fedha. Mahafali ya kidato cha nne huleta kazi za vyeti, ratiba na fulana kabla ya mitihani ya mwishoni mwa mwaka. Kalenda huagizwa Novemba na Desemba, kisha Januari huwa kavu kwa sababu ya ada za shule. Msanifu asiyeweka akiba katika miezi minono hujikuta akikubali bei yoyote katika miezi mikavu.

Kazi ya harusi inastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayozaa madeni mengi yasiyolipika. Kadi za mchango na za mwaliko huagizwa na kamati, wala si na maharusi. Kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na ina tabia moja inayomhusu sana msanifu: baada ya sherehe huvunjwa. Aliyekubali kulipwa "tukishamaliza shughuli" humdai mtu ambaye hayupo tena, kwani mweka hazina atasema mahesabu yamefungwa na bwana harusi atasema hakuagiza yeye. Kadi hazipaswi kutoka mkononi kabla ya malipo kukamilika, hata kama mwenyekiti ni mjomba wa mtu.

Kwa kazi nyingine, utaratibu uliozoeleka duniani kote ni arubuni. Nusu hulipwa kabla ya kuanza, nusu kabla ya kukabidhi faili la mwisho. Arubuni humsaidia pia mteja, kwa sababu humlazimisha aamue anachokitaka kabla hajaanza kutuma watu na maelekezo yanayopingana. Malipo kwa simu, yaliyoanza kuenea nchini baada ya M-Pesa kuzinduliwa mwaka 2008, yamerahisisha jambo hili, kwani mteja aliye shambani Basotu huweza kulipa bila kufika mjini. Ujumbe wa muamala ni kumbukumbu nzuri kuliko risiti nyingi za mkono, mradi usifutwe.

Makubaliano ya mdomo si batili kwa sheria ya mikataba ya Tanzania, ila kuyathibitisha ni kazi. Hapa watu wengi hudhani kwamba mkataba ni lazima uandikwe na wakili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba na kumbukumbu za kielektroniki, na inaruhusu zipokewe mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo ujumbe wa simu unaosema kazi ni nini, bei ni kiasi gani, itakamilika lini na marekebisho ni mara ngapi, ukijibiwa "nimekubali", una thamani kubwa kuliko maelewano ya kupeana mikono chini ya mti. Mteja akikaidi, madai ya aina hiyo huweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo.

Idadi ya marekebisho ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi. Bila kikomo, nembo moja huzungukwa na kila mjumbe wa bodi, kila mmoja na rangi yake. Wasanifu wazoefu huweka marekebisho mawili au matatu ndani ya bei, na yanayozidi hulipiwa.

Kuna hatari nyingine inayowahusu hasa walio mbali na viwanda vikubwa vya uchapaji. Kazi ya Haydom inayohitaji mashine kubwa hupelekwa Arusha, umbali wa takribani kilomita 300, au Dar es Salaam, na mzigo hurudi kwa basi. Faili hutumwa kwa intaneti na mteja huliona kwenye kioo cha simu. Rangi za kioo hutokana na mwanga, za karatasi hutokana na wino. Bluu inayong'aa kwenye simu huweza kutoka imefifia kwenye bango. Kalenda 500 zikirudi zikiwa na jina la mchungaji lililokosewa herufi, nani atazilipia? Jibu linategemea kama mteja alisoma na kuidhinisha nakala ya mwisho kwa maandishi. Akiwa ameidhinisha, kosa la herufi ni lake. Asipokuwa ameidhinisha, msanifu atalipa, na faida ya miezi miwili itakuwa imeondoka. Mwenye tahadhari huchapisha nakala moja kwanza, hata kama itachelewesha kazi kwa safari moja ya basi.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mbunifu tangu kazi inapotengenezwa, bila sharti la kuisajili, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) hurahisisha ushahidi pindi mgogoro unapozuka. Umuhimu wa ushahidi ulionekana mwaka 2017, pale vyombo vya habari vilipomtaja mzee Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyekuwa akiishi katika ufukara Buguruni, Dar es Salaam, kuwa ndiye aliyechora Nembo ya Taifa. Wapo waliotaja majina ya wasanii wengine, na mjadala haukupata kumbukumbu ya kuumaliza. Mzee huyo alifariki dunia Mei mwaka huohuo. Mchoro unaoonekana katika kila ofisi ya serikali nchini umebaki na mabishano juu ya mkono uliouchora.

Msanifu wa leo ana urahisi ambao kizazi hicho hakikuwa nao: faili lenye tarehe, barua pepe, na michoro ya awali iliyohifadhiwa. Anachopaswa kukiandika ni kama mteja ananunua haki yote ya nembo au ruhusa ya kuitumia tu, na kama faili la asili, lile linaloweza kuhaririwa, limo ndani ya bei. Mteja naye akitaka kuilinda nembo kama alama ya biashara, huisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na usajili wa kwanza hudumu miaka saba kabla ya kuhuishwa.

BRELA ndiko pia msanifu anakosajili jina la biashara lake mwenyewe, kwa njia ya mtandao. Namba ya mlipa kodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na leseni ya biashara hutolewa na halmashauri. Wengi huahirisha mambo haya wakiogopa kodi, lakini bila nyaraka hizo hospitali, shirika au halmashauri haiwezi kumlipa kwa utaratibu wake. Hubaki na kadi za harusi.

Anayeanza kufanya kazi na taasisi hushtuka mara ya kwanza anapolipwa pungufu. Malipo ya huduma za kitaalamu hukatwa kodi ya zuio ya asilimia tano, hivyo ankara ya shilingi 300,000 huingiza 285,000. Zile 15,000 hazijapotea. Taasisi inapaswa kumpa hati ya zuio, na kiasi hicho huhesabiwa kuwa sehemu ya kodi yake ya mwaka. Asiyedai hati hujikuta akilipa mara mbili.

Soko linalokua kimyakimya ni vibandiko vya bidhaa za wakulima: asali, unga, na vitunguu swaumu ambavyo Mbulu inasifika navyo. Humo msanifu anahitaji kujua zaidi ya rangi. Kibandiko cha chakula huhitaji jina la bidhaa, viungo, uzito, jina na anwani ya mzalishaji, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) haiwekwi mpaka mzalishaji apewe leseni ya kuitumia, na mteja anayesema "iweke tu, watakuja kuikagua baadaye" anaomba jambo linaloweza kumfikisha pabaya yeye na aliyemchorea.

Kwa mtaji, vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliojiunga katika vikundi huweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Maombi huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.