Viwanja vya nyumba juu ya mitelemko

Msafiri atokaye Uvira kwenda Makobola ana ziwa Tanganyika mkono wa kushoto, na mkono wa kuume milima ipandayo kuelekea Itombwe. Katikati nafasi ni kidogo. Mwenye kujenga penye mtelemko, sherti kwanza atengeneze kiwanja: akate udongo upande wa juu, aumwage upande wa chini, aushindilie. Tunadhani hiyo ni kazi ya siku chache tu, kumbe yaweza kudumu kuliko nyumba yenyewe.

Tutazame Engaruka katika Tanzania, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya ziwa Manyara na ziwa Natron. Tangu karne ya 15 hata karne ya 18 wakulima walikaa huko katika vijiji saba juu ya mtelemko. Nyuma ya kila nyumba walichimba kilima, mbele waliinua ukuta wa mawe, wakapata mahali sawa pa kulala na kupika. Chini yao mashamba ya mtama yalinyweshwa kwa mifereji iliyotoka mtoni. Louis Leakey alipachunguza mwaka 1935, na Hamo Sassoon akachimba huko katika miaka ya 1960. Miti na majani ya nyumba yalikuwa yameoza zamani. Viwanja vilikuwapo bado. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba maji yalipopunguka watu wakahama. Lakini jina walilojiita wenyewe halikubaki.

Basi mawe yanatuonyesha ginsi watu walivyokaa. Hayasemi walikuwa nani. Jambo hili linatugusa sisi. Tangu 30 Desemba 1998 hata 2 Januari 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola na katika vijiji jirani, na nyumba zikachomwa. Nyumba zaweza kujengwa tena. Majina yakipotea, nani atayarudisha?

Vitabu vya parokia vinashika majina ya waliobatizwa. Majina ya wengine yamo katika vichwa vya wazee, na wazee hawakai nasi siku zote. Kwa ajili hii, ndugu waseminari na wakatekista, tukikuta kiwanja kitupu mlimani tusipite bure. Tuwaulize wazee: Nani alikaa hapa? Watoto wake wako wapi? Tuandike majibu yao, kisha tuwaombee wote, waliobatizwa na wasiobatizwa.