Kuonja na Kuambiwa: Ghazali na Daraja Tatu za Kujua

Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maana ya methali hii ni kwamba yako mambo ambayo maelezo hayatoshi, sharti yamfike mtu mwenyewe. Hata hivyo, methali yenyewe hutamkwa na walio hai, ambao habari za kaburi wamezisikia tu. Mvutano huo kati ya kuonja na kuambiwa ndio uliomshughulisha Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyezaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058.

Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimteua Ghazali kusomesha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad, cheo kilichotamaniwa na wanazuoni wengi wa zama hizo. Miaka minne baadaye ulimi wake ulifungwa. Katika kitabu cha *al-Munqidh min al-Dalal*, alichokiandika miaka michache kabla ya kufa, anasimulia kwamba alishindwa kutamka neno mbele ya wanafunzi, chakula hakikumshuka, na matabibu wakakata tamaa kwa kuwa chanzo cha maradhi kilikuwa moyoni. Novemba 1095 aliihama Baghdad, akakaa Damascus na Yerusalemu, kisha akahiji Makka.

Mashaka yake yalianza ujanani. Aliona kuwa watoto wa Wakristo hukua wakiwa Wakristo, wa Wayahudi wakiwa Wayahudi, na wa Waislamu wakiwa Waislamu. Ikiwa imani hutokana na wazazi na walimu, muumini ana chake kipi? Aliifananisha imani ya kufuata mkumbo, yaani *taqlid*, na kioo: kikishavunjika hakiungiki, hadi kiyeyushwe na kuundwa upya.

Baadaye alivisoma vitabu vya masufi, akayaelewa yote yanayoweza kueleweka kwa kusoma. Kilichobaki hakikupatikana kwa kusoma, bali kwa *dhawq*, yaani kuonja. Mfano wake ni wa tabibu mgonjwa: anajua fasili ya afya, sababu zake na dawa zake, lakini afya yenyewe hana.

Hata hivyo, Ghazali hakuidharau imani ya kuambiwa. Alitaja daraja tatu: kuthibitisha kwa hoja ni elimu, kuingia katika hali yenyewe ni kuonja, na kukubali yaliyosikiwa kwa kuwadhania wasemaji wema ni imani. Istilahi hizi zina ndugu zake katika Kiswahili, ila maana zimehama. *Maarifa*, ambayo kwa masufi ni kumjua Mungu kwa moyo, kwa Mswahili wa kawaida ni ujuzi au hata werevu. *Imani*, mbali na itikadi, imekuwa pia huruma.

Wapo wanahistoria wanaoushuku ushahidi wa Ghazali. Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 1092, na siasa za Baghdad zilikuwa za hatari. Yamkini kuondoka kwake kulikuwa pia kukimbia. Tena, masimulizi yaliandikwa zaidi ya miaka kumi baada ya tukio. Hoja hizo zina uzito, lakini hazifuti swali lenyewe: mtu aliyefika kileleni kwa elimu ya hoja alikiri kwamba elimu hiyo haikumponya.

Mwaka 1106 alirudi kusomesha, safari hii Nishapur, na mwaka 1111 akafia Tus. Aliyoyaonja alikataa kuyaeleza kinaganaga. Kitabu chake kikubwa, *Ihya*, kiliheshimiwa sana na masharifu wa Hadhramaut, na kupitia kwao mafundisho yake yalifika Lamu na mwambao mzima. Basi hata wito wa kuonja ulisafiri kwa kuandikwa, kusomwa na kusikilizwa. Msomaji wa Ghazali yumo katika daraja ya tatu: anamdhania mema msemaji. Kwa mujibu wa Ghazali mwenyewe, daraja hiyo haitoshi, ila ndiko wengi wanakoanzia.