Lugha Iliyojifunzwa Njiani: Kiswahili na Wapagazi wa Misafara

Kabla serikali ya kikoloni haijafungua shule yoyote Unyamwezi, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kusemwa kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tunapoisimulia historia ya lugha hii, huwa tunataja wamisionari na kamati: Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, Edward Steere aliyechapisha kitabu chake cha mafunzo mwaka 1870, na uamuzi wa mwaka 1928 wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wote hao wana haki yao ya kukumbukwa. Hata hivyo, waliokifikisha Kiswahili bara ni wapagazi, watu waliojifunza lugha isiyo ya mama zao bila mwalimu wala daftari. Namna walivyojifunza inathibitisha jambo moja kubwa: lugha ya pili hushika pale mgeni anapopewa nafasi na wajibu miongoni mwa wenye lugha.

Msafara wa karne ya 19 uliweza kuwa na mamia ya watu wa makabila mbalimbali: Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo, Wayao, Wamanyema na waungwana wa Unguja. Kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, nguo na shanga wakati wa kwenda, pembe za ndovu wakati wa kurudi, na kutoka pwani hadi Tabora safari ilichukua miezi miwili au mitatu. Watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya kupika na kula pamoja. Aliyejiunga bila kujua Kiswahili hakuzuiwa kufanya kazi, kwani mabega yake yalitosha kumpa nafasi; alitazama wenzake, akafuata. Maneno yaleyale yalirudi kila siku: kufunga mizigo, kugawa posho, kupanga zamu ya ulinzi, kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa mtemi. Aliyekosea kusikia alisahihishwa papo hapo, maana kosa liligusa chakula au usalama wa wote. Akidumu safarini, aliweza kuwa mnyapara au kirongozi, yaani mwongoza njia, na kazi hizo zilidai kushawishi, kusuluhisha na kujadiliana. Wajibu ulipokua, lugha nayo ililazimika kukua.

Mfano ulio wazi ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, na huko Gujarat akajua Kihindustani kwa kuishi na kutumika. Baada ya kupata uhuru alirudi Unguja. Mwaka 1857 aliajiriwa katika msafara wa wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, na kwa kuwa Speke alijua Kihindustani, maagizo yake yalimpitia Bombay kuwafikia wapagazi. Baadaye alisafiri na wavumbuzi wengine: na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron aliyevuka bara kutoka mashariki hadi magharibi. Safari hizo zilizosifiwa Ulaya zilitegemea lugha alizozipata mtu huyu utumwani na kazini.

Kuna atakayesema kuwa hapa hapakuwa na ushiriki wowote, bali mabavu: biashara ya utumwa na bunduki za matajiri wa misafara. Ni kweli kwamba maelfu walijikuta ndani ya Kiswahili kwa minyororo, na historia yoyote inayolificha hilo ni ya uongo. Lakini mabavu yanaeleza jinsi mtu alivyofikishwa mahali, hayaelezi kwa nini lugha ilidumu. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru wa ujira, na tangu mwanzo wa karne ile walikuwa na misafara yao wenyewe ya kwenda pwani. Tena, huko Manyema, mashariki mwa Kongo, nguvu za matajiri wa Kiarabu na Kiswahili zilivunjwa katika vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya jeshi la Dola Huru la Kongo. Ngome zao za Kasongo na Nyangwe zikawaponyoka, lakini Kiswahili kikabaki midomoni mwa wenyeji, kwa sababu kilikuwa kimekuwa lugha ya masoko yao na ujirani wao.

Wengine watadai kuwa kilichojifunzwa hivyo kilikuwa Kiswahili kibovu, kisichofuata upatanisho wa ngeli, na kwamba shule ndizo zilizoleta lugha halisi. Shule zilileta maandishi na usanifu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini wakoloni wa Kijerumani walikichagua Kiswahili kuwa lugha ya utawala kwa kuwa walikikuta kinafanya kazi mbali na pwani. Usanifu ulijengwa juu ya umati wa wasemaji ambao tayari walikuwapo.

Somo hili linawahusu wanaojifunza lugha leo kupitia intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, humpa hata asiye Mswahili kazi ya kweli: anaandika makala, wenzake wanaisahihisha, naye anarudi kuandika nyingine. Anayesoma orodha ya msamiati peke yake hana anayemtegemea, na kosa lake halimgusi mtu. Vyuo na taasisi zetu zinazotaka kukieneza Kiswahili duniani zisiishie kutoa masomo. Ziwape wageni kazi ambayo wenyeji wanaihitaji, kisha ziwaamini kuifanya kwa Kiswahili chao cha mwanzo, pamoja na makosa yake.