Silsila ya Mabingwa wa Retina

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho ili uipokee nuru. Na hata baada ya Hermann von Helmholtz, mwanachuoni wa Kijerumani, kutangaza mwaka 1851 chombo cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai, utando huo ulipobanduka mgonjwa hakuwa na tamaa ila kulazwa kitandani kwa majuma mengi asijitikise, na mwisho wake, isipokuwa kwa nadra, ulikuwa upofu.

Aliyeubadili mwisho huo ni Jules Gonin, tabibu wa Lausanne katika nchi ya Uswisi, aliyeshikilia, hali wengi wa fani yake wakimkanusha, kwamba asili ya maradhi ni tundu lililochanika katika utando, na kwamba tundu lisipozibwa hapana tiba. Basi akalitafuta kwa subira, akapima mahali lilipo, akaligusa kwa chuma cha moto kupitia ukuta wa jicho, ili kovu likamate kilichoachana. Mkutano wa kimataifa wa matabibu wa macho uliofanyika Amsterdam mwaka 1929 uliikubali hoja yake. Walakini waliotaka kuifuata kazi hiyo walitambua kwamba maandishi peke yake hayatoshi, na tabibu kama Hermenegildo Arruga wa Barcelona, aliyekwisha kuwa na jina kwao, alijifunza kwake kama mwanafunzi, sawasawa na wanazuoni wa pwani yetu waliosafiri kutafuta ijaza, yaani idhini ya kufundisha, mbele ya shekhe.

Desturi hiyo ilipata nidhamu mikononi mwa Charles Schepens, Mbelgiji aliyesomea katika hospitali ya macho ya Moorfields, London, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliishi kwa jina la kupanga katika milima ya Pyrenees akiwavusha watu kwa siri kuingia Hispania, na baada ya vita akahamia Boston mwaka 1947. Yeye ndiye aliyetengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani kinachomwezesha tabibu kuitazama retina kwa macho yote mawili. Na huko Boston akawapokea matabibu waliokwisha kuhitimu elimu ya macho, wakae kwake wajishughulishe na utando huo mmoja tu.

Somo lao la kwanza lilikuwa kuchora. Kwa kuwa chombo kile huonyesha sura iliyopinduka, mwanafunzi huiweka karatasi kichwa chini kifuani mwa mgonjwa aliyelala, akachora anachokiona jinsi anavyokiona: mishipa ya ateri kwa rangi nyekundu, ya vena kwa buluu, sehemu iliyobanduka kwa buluu, na tundu kwa nyekundu iliyozungushiwa mstari wa buluu. Asiyeweza kulichora tundu hajaliona, na asiyeliona hana haki ya kushika kisu.

Mwaka 1970, mjini Miami, Robert Machemer aliingiza ndani ya jicho chombo chembamba chenye kukata na kufyonza ule ute mzito unaolijaza, na kazi iliyokuwa ya nje ya ukuta wa jicho ikawa ya ndani, umbali mdogo mno na utando wenyewe. Ndiyo maana huko Marekani anayetaka upasuaji huo hukaa miaka miwili zaidi chini ya mabingwa, baada ya kwisha kuwa daktari wa macho kamili: retina iliyochanwa na mkono usiozoea hairudi kuwa ilivyokuwa, wala hapana kitabu kiwezacho kuuzuia mkono huo.

Katika Afrika ya Mashariki, ambako kisukari kinazidi kuzidhuru retina za watu walio katika umri wa kufanya kazi, historia hii inatupa wasia ulio wazi. Mashine hununuliwa, na jengo hujengwa kwa mwaka; bali bingwa hupatikana kwa bingwa aliyemtangulia. Kwa hiyo tumpelekapo daktari wetu ugenini kujifunza, tumwekee tangu siku ile ile chumba cha upasuaji atakachorejea, na wanafunzi watakaosimama ubavuni pake. Kwani tusipofanya hivyo tutakuwa tumemsomesha mtu mmoja, na silsila itakatikia kwake.